Busha si aibu wala laana: tuvifahamu viungo vya uzazi vya mwanamume



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumza na familia nzima, lakini hasa na akina baba na vijana wa kiume. Mara nyingi habari za uzazi zinapoandikwa huwaelekea akina mama: mimba, kliniki, kujifungua na kunyonyesha. Mwanamume naye anavyo viungo vya uzazi, navyo vina maradhi yake. Tatizo ni kwamba viungo hivi hutajwa kwa mafumbo au kwa matusi, na ni mara chache vikatajwa kwa kufundisha. Matokeo yake mtu huumwa miaka kumi akiwa kimya, na nyumba nzima huumia pamoja naye.

Hapa kwetu mwambao, kuanzia Kunduchi na Bunju, kupita Bagamoyo na Saadani, hadi Pangani na Tanga, ugonjwa unaojulikana sana wa viungo hivi ni busha. Hakuna mtu mzima wa pwani asiyepata kumwona mwenye busha. Hata hivyo ni wachache wanaojua linatoka wapi, limekaa sehemu gani ya mwili, na kwamba linatibika hospitalini. Ili tulielewe busha, hatuna budi kwanza kuelewa jinsi Mwenyezi Mungu alivyoupanga mwili wa mwanamume.

NYONGA NA VILIVYOMO

Tuanze na mifupa. Nyonga ni mfano wa bakuli lisilo na kitako. Imeundwa na mifupa miwili mipana, wa kulia na wa kushoto. Kwa mbele mifupa hiyo hukutana chini ya tumbo, na kwa nyuma hushikana na sehemu ya mwisho ya uti wa mgongo. Nyonga ya mwanamume ni nzito na nyembamba kuliko ya mwanamke, kwa sababu ya mwanamke imeumbwa iweze kumpitisha mtoto.

Ndani ya bakuli hilo, kwa upande wa mbele, kimo kibofu cha mkojo. Nyuma yake umo utumbo wa mwisho unaopeleka choo nje. Chini ya kibofu imekaa tezi dume, yenye upana wa sentimita 4 hivi, kama ndimu ndogo. Mfereji wa mkojo hupita katikati ya tezi hiyo kabla haujaingia kwenye uume. Ndiyo maana mzee ambaye tezi yake imekua hukojoa kwa shida: anasubiri mkojo uanze, unatoka kidogo kidogo, na usiku anaamka mara nyingi. Mzee wa namna hiyo asiambiwe kuwa ni uzee tu. Apelekwe hospitali akapimwe.

Tezi dume na vifuko viwili vilivyo nyuma ya kibofu hutengeneza sehemu kubwa ya majimaji ya manii. Mbegu zenyewe hutoka mbali kidogo, katika korodani.

KORODANI

Mwanamume ana korodani mbili, kila moja ikiwa na urefu wa sentimita 4 hadi 5. Zinakaa nje ya tumbo, katika mfuko wa ngozi ambao watu huuita pumbu. Kwa kawaida ya kushoto huning'inia chini kidogo kuliko ya kulia, na hilo si ugonjwa.

Kwa nini viungo vya thamani kama hivi vikae nje, mahali pa kuumia kwa urahisi? Sababu ni joto. Joto la mwili wetu ndani ni nyuzi 37, na mbegu za kiume hazitengenezeki vizuri katika joto hilo. Zinahitaji joto lililopungua kwa nyuzi 2 hadi 4. Kukiwa na baridi mfuko hujikunyata na kuzivuta korodani karibu na mwili, na kukiwa na joto hulegea na kuzishusha.

Korodani zina kazi mbili. Ya kwanza ni kutengeneza mbegu, kazi inayochukua miezi miwili na zaidi hadi mbegu ikomae. Ya pili ni kutengeneza homoni ya testosteroni, ambayo humfanya kijana aote ndevu, sauti iwe nzito na misuli ikaze. Mbegu zikitoka kwenye korodani huingia katika mrija mwembamba uliojikunja nyuma yake. Mrija huo ukinyooshwa unafika mita 6 hivi. Humo ndimo mbegu hukomaa na kupata nguvu ya kuogelea. Baada ya hapo hupanda kwa mrija mwingine unaopita kinenani, unaingia ndani ya nyonga, unazunguka nyuma ya kibofu na kufika kwenye tezi dume.

MFUKO NDANI YA MFUKO

Sasa tufike kwenye jambo ambalo ndilo ufunguo wa habari ya leo. Mtoto wa kiume akiwa tumboni mwa mama yake, korodani zake hazianzii chini. Huanza kuumbwa juu, ndani ya tumbo, karibu na figo. Kisha hushuka polepole, na katika miezi ya mwisho ya mimba hupita kwenye njia nyembamba ya kinena na kuingia mfukoni.

Katika kushuka huko, hufuatana na kipande cha utando laini unaofunika matumbo. Kipande hicho hufanya kifuko kidogo kinachoizunguka korodani, chenye kuta mbili. Katikati ya kuta hizo hubaki majimaji kidogo sana, ambayo kazi yake ni kuiwezesha korodani kuteleza isiumie. Mtoto akiwa amezaliwa, njia ya kutoka tumboni kuja kwenye kifuko hiki inatakiwa iwe imefungwa au ikaribie kufungwa.

Isipofungwa, mambo mawili yanaweza kutokea. Utumbo unaweza kushuka kwa njia hiyo, na hiyo ndiyo ngiri, ambayo wengine huiita henia. Au maji ya tumboni yanaweza kushuka, na mtoto mchanga akaonekana ana busha. Busha la mtoto mchanga mara nyingi hukauka lenyewe kabla hajatimiza mwaka mmoja au miwili. Mama asiogope, lakini amwonyeshe muuguzi kliniki.

Akina mama, mnapomwogesha mtoto wa kiume angalieni kama korodani zote mbili zimo mfukoni. Akifikisha miezi 6 na moja haijashuka, mpelekeni hospitali. Operesheni yake inapaswa kufanywa mapema, kabla ya umri wa mwaka mmoja na nusu. Korodani ikiachwa tumboni huharibiwa na joto, na baadaye inaweza kuota saratani.

BUSHA LA WATU WAZIMA

Busha la mtu mzima wa pwani lina sababu yake nyingine. Mwilini mwetu, pamoja na mishipa ya damu, kuna mishipa mingine midogo sana inayokusanya majimaji yaliyobaki kwenye nyama na kuyarudisha katika damu. Inaitwa mishipa ya limfu. Ni kama mitaro ya shamba la mpunga: ikiziba, maji hutuama.

Kinachoiharibu mitaro hiyo ni minyoo ya filaria. Mnyoo jike ana urefu wa sentimita 8 hadi 10, na dume ana sentimita 4 hivi, lakini wote ni wembamba kama uzi. Hupenda kukaa katika mishipa ya limfu, na kwa mwanamume hasa ile ya mfuko wa korodani. Huishi humo miaka 6 hadi 8. Wakati wote huo jike huzaa vitoto vingi mno, ambavyo huingia katika damu wakati wa usiku.

Mbu akimuuma usiku mtu mwenye vitoto hivyo, huvifyonza pamoja na damu. Ndani ya mbu hukua kwa muda wa wiki mbili hivi. Mbu huyo akimuuma mtu mwingine, vitoto hupenya kwenye ngozi na kwenda kutafuta makao. Daktari Patrick Manson, aliyekuwa akifanya kazi China, ndiye aliyegundua mwaka 1877 kwamba vitoto vya mnyoo huyu hukua ndani ya mbu.

Mishipa ya limfu ikiharibika, majimaji hujaa katika kile kifuko kinachoizunguka korodani. Hilo ndilo busha. Majimaji yakituama mguuni huwa matende. Kwa hiyo busha na matende ni ndugu wa tumbo moja. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa wanaume wapatao milioni 25 duniani wana busha linalotokana na minyoo hii.

Ifahamike pia kwamba mtu haugui kwa kuumwa na mbu mara moja. Huumwa mara nyingi sana kwa miezi na miaka. Wengi huambukizwa wakiwa watoto, na busha hutokea wakiwa vijana au watu wazima. Kwa sababu ya muda huo mrefu, watu hawakuona uhusiano kati ya mbu na busha, wakatafuta sababu nyingine.

MADAFU NA SABABU NYINGINE ZINAZOSEMWA

Mwambao mzima husemwa kuwa anayekunywa madafu sana atapata busha. Si kweli. Maji ya dafu hupita tumboni kama maji mengine, na hakuna njia ya kuyapeleka kwenye mfuko wa korodani. Watu waliona kwamba penye minazi pana mabusha, nao waliona sawasawa. Lakini kinachoziunganisha ni hali ya pwani yenyewe: joto, unyevu na mbu. Dafu halina kosa. Tena tukinywa dafu na kulitupa kaka lake uani, linakusanya maji ya mvua na mbu wengine huzaliana humo.

Wengine husema busha ni adhabu ya mtu aliyetembea na mke wa mwenzake, au amerogwa, au amerithi kwa baba. Haya nayo si kweli. Busha haliambukizwi kwa tendo la ndoa, wala kwa kukaa pamoja, wala kwa kuvaa nguo za mgonjwa. Baba na mwana wakiwa nalo wote wawili, ni kwa kuwa wamelala nyumba moja na kuumwa na mbu wale wale. Maneno ya namna hii yanamwongezea mgonjwa mzigo wa pili. Mtu akidhani watu wanamwona kuwa mzinzi au mwenye laana, hataenda hospitali. Atavaa kanzu pana, ataacha kwenda baharini na wenzake, ataacha kukaa barazani, na mwisho ataacha hata kuja kanisani.

BUSHA AU NGIRI?

Si kila uvimbe wa mfuko wa korodani ni busha. Busha hukua polepole, kwa kawaida haliumi, na halipotei mtu akilala. Ngiri huongezeka mtu akikohoa au kuinua mzigo, na mara nyingi hurudi tumboni akilala chali. Daktari akimulika busha kwa kurunzi katika chumba chenye giza, mwanga hupenya na uvimbe hung'aa wekundu, kwa kuwa ndani ni maji. Ngiri kwa mtu mzima kwa kawaida haipitishi mwanga. Lakini uamuzi ni wa mganga, kwani mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Zipo dalili ambazo haziwezi kungoja kesho:

1. Kijana kushikwa ghafla na maumivu makali ya korodani moja, pengine na kutapika. Huenda korodani imejisokota na damu haifiki. Asipofanyiwa operesheni ndani ya saa 6 hivi, anaweza kuipoteza. Asikandwe kwa maji ya moto wala kusubiri asubuhi.

2. Ngiri iliyokuwa ikirudi kukataa kurudi, ikauma, na mgonjwa akatapika au kukosa choo. Utumbo umebanwa, naye anaweza kufa.

3. Mfuko kuvimba na kuwa wa moto, pamoja na homa. Huenda kuna usaha.

Uvimbe mgumu katika korodani yenyewe, hata kama hauumi, nao uonyeshwe kwa daktari katika siku chache, kwa sababu unaweza kuwa saratani.

MATIBABU

Busha likishakuwa kubwa halina kidonge cha kulikausha. Dawa yake ni operesheni. Mganga humpiga mgonjwa ganzi, hupasua ngozi ya mfuko, hutoa maji, kisha hukata au kukigeuza kile kifuko ili maji yasipate tena mahali pa kukaa. Korodani yenyewe haiguswi. Inabaki mahali pake, na kazi zake zinaendelea.

Baada ya operesheni mgonjwa apumzike. Kwa muda wa wiki 4 hadi 6 asibebe magunia, asisukume mashua wala kuendesha baiskeli, na tendo la ndoa lingoje ruhusa ya daktari. Kuvimba kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Homa, usaha au damu nyingi si kawaida, na arudi hospitali mara moja.

Wapo wanaotobolewa mitaani kwa sindano ili maji yatoke. Maji hutoka kweli, mtu akafurahi, lakini kifuko kimebaki na baada ya muda hujaa tena. Sindano chafu inaweza kuleta usaha, na sindano iliyokwenda vibaya inaweza kuichoma korodani au utumbo wa mwenye ngiri.

Anayetaka kutibiwa aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, naye ataelekezwa hospitali ya wilaya. Katika mikoa ya pwani Serikali imepata kuandaa pia kambi za upasuaji wa mabusha. Tuulizie kwa mganga mkuu wa wilaya, na kambi inapotangazwa tupelekeane habari.

KINGA

Nchi yetu ilianza kugawa dawa za kuzuia matende na mabusha mwaka 2000, katika kisiwa cha Mafia. Zanzibar ilifuata mwaka 2001. Dawa ni mbili, ivermectin na albendazole, nazo humezwa mara moja kwa mwaka kwa miaka kadhaa. Huvimaliza vitoto vya minyoo katika damu, hivyo mbu hapati cha kubeba. Kwa sababu ya kazi hiyo maambukizi yameshuka sana, na wilaya nyingi zilizopimwa zimeacha ugawaji. Panapogawiwa dawa, tumeze wote wanaoruhusiwa, hata asiye na dalili, kwa kuwa mwenye vitoto katika damu mara nyingi hajijui. Wajawazito, watoto wadogo na wagonjwa mahututi hawapewi.

Kuhusu mbu, zipo aina mbili za kuangaliwa. Mbu wa malaria, ambao nao hubeba filaria, huzaliana katika madimbwi na mashamba ya mpunga kama yale ya bonde la Ruvu. Mbu wa mjini wanaovuma usiku huzaliana katika maji machafu: vyoo vya shimo, makaro na mitaro iliyoziba. Huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga ndani ya vyoo punje nyepesi za polistirini, mfano wa zile za maboksi meupe ya kufungia redio. Zikaelea na kufunika maji, mbu wakakosa mahali pa kuzalia. Pamoja na dawa waliyopewa watu, maambukizi yalishuka sana. Sisi tunaweza kufunika matundu ya vyoo, kuzibua mitaro, kufukia madimbwi, na kulala ndani ya chandarua kila siku.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA NYINGI

Je, mwenye busha anaweza kuzaa? Wengi wanaweza. Lakini busha kubwa sana hubana korodani na kuzipasha joto, na pia huumeza uume hata tendo la ndoa likawa gumu. Ni vizuri kutibiwa mapema.

Je, operesheni humfanya mtu kuwa hanithi? Hapana. Mishipa na neva zinazosimamisha uume hazipiti katika kifuko kinachopasuliwa. Wengi hurudi katika maisha ya ndoa wakiwa na raha kuliko zamani.

Je, busha linaweza kurudi? Operesheni ikifanywa vizuri ni mara chache kurudi.

Je, mzee wa miaka 70 anaweza kupasuliwa? Anaweza. Atapimwa kwanza damu, moyo na presha, kisha daktari ataamua.

NENO LA MWISHO

Mtume Paulo, katika Waraka wa kwanza kwa Wakorinto, sura ya 12, anatufundisha kwamba viungo vya mwili tunavyoviona kuwa havina heshima ndivyo vinavyostahili kutunzwa zaidi, na kwamba kiungo kimoja kikiumia vyote huumia. Alikuwa akizungumzia Kanisa, lakini mfano alioutumia ni mwili huu huu tulionao.

Mama, kama mumeo ana uvimbe anaoficha, zungumza naye faraghani, kwa upole, na umsindikize hospitali. Baba, mfundishe mwanao majina ya viungo vyake bila mzaha, ili siku akiumwa aweze kukuambia. Nanyi viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, mnapomtembelea mgonjwa wa homa, mkumbukeni na yule ambaye siku hizi haonekani kwa sababu anaona haya. Mwambieni kwamba ugonjwa wake unajulikana na dawa yake ipo hospitalini.